Kiitikio cha Yunia

Kila asubuhi Perusi aliwasha jiko uani huku akimwimbia Mungu, na binti yake Yunia, aliyekuwa hoi kitandani tangu masika, aliitikia kwa kutikisa kayamba. Leo Perusi alipepea makaa kimya.

"Mama Yunia, wimbo umeuacha wapi?" jirani aliuliza, akifua shuka.

"Nimsifu kwa lipi? Mtoto tangu jana hajameza hata uji."

"Mnunie mume, shoga. Mungu usimnunie, na mwanao yuko hapo anasikia."

Perusi akapepea kwa nguvu mpaka majivu yakamrukia machoni. Ndipo sauti nyembamba ikatoka ndani.

"Mama, nimeshakufa?"

Kifuniko alichokuwa akipepea nacho kikamponyoka.

"Mbona wasema hivyo, mwanangu?"

"Sikusikii ukiimba."

Perusi akaanza ubeti wa kwanza, ukamkatikia katikati. Akaurudia, machozi yakimchuruzika, akimshukuru Mungu kwa asubuhi ile ile aliyoichukia. Alipofika pa kuitikia alinyamaza, akatega sikio mlangoni. Jirani naye aliacha kukamua shuka, maji yakimtiririka viwikoni, wote wawili wakingoja kayamba.