Irudishe Nundu

"Irudishe nundu," mwanamke alisema, akajilaza kitandani kabla hata ya kukaribishwa. "Hapa juu. Na ipinde kidogo kushoto."

Fundi Pua, kama wateja walivyomwita, alibaki na glavu moja mkononi. Sura aliikumbuka: mwezi uliopita alikuja hapa akilia, pua imevunjwa kwa ngumi ya mume. Fundi aliizungushia jeli ile nundu kwa sindano mpaka pua ikanyooka. Leo anataka ubaya wake urudi!

"Dada, una akili timamu kweli?"

"Yule bwana amesema pua ya kuchonga haivuki mlango wake. Na mwanangu yuko ndani."

Hapo Fundi alinywea. Akaipapasa ile pua kwa kidole. Mfupa ulikuwa laini, umenyooka, huwezi kujua kama uliwahi kuguswa. Pamoja na hasira zake zote, alijisifu kimoyomoyo.

"Basi niiyeyushe tu jeli ya mwanzo. Nundu itajitokeza yenyewe."

"Usiyeyushe. Ongeza."

Sindano iliingia, ikatoka, ikaingia tena. Mwanamke hakupepesa hata jicho. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimeota sugu. Ni kumfulia yule mnyama, Fundi aliwaza, na moyo ukamchoma.

Mwanamke akajitazama kwenye kioo, akaigusa pua yake mbovu, akatabasamu. Kisha akaondoka.

Fundi alishindwa kutulia. Alijiona kama amemvisha mtu kitanzi kwa mikono yake mwenyewe. Nyumba aliijua, siku ile ndiye aliyemsindikiza mgonjwa wake mpaka kwenye ngazi. Akatoka mbio, glavu bado mikononi. Mbele ya jengo palikuwa na teksi inanguruma. Akaipita bila kuitazama.

Akiwa ngazini alisikia sauti ya mwanaume. "Umerudi, siyo? Sogea hapa!"

Likalia kofi. Kisha kiti kikavunjika, na kitu kizito kikabamizwa ukutani, kikabamizwa tena. Mtoto akapiga yowe. Mtu akakoroma kama anayepaliwa na damu yake mwenyewe.

Fundi aliuvamia mlango kwa ngumi zote mbili. "Utamuua! Jamani, utamuua!"

Pakawa kimya. Mlango ukafunguliwa.

Mwanamke alikuwa amesimama wima, mtoto kiunoni, vidole vinachuruzika damu. Nyuma yake mwanaume alikuwa anatambaa sakafuni, anapapasa kutafuta meno yake.

"Afadhali umekuja," mwanamke alisema, akimkabidhi mtoto. "Mpeleke kwa mama yake, pacha wangu, yuko kwenye teksi hapo chini. Mimi na shemeji hatujamalizana."