Kufuli Kwenye Swichi Kuu

Karakana ya umeme ilikuwa gizani tangu asubuhi, na hakuna aliyethubutu kuiwasha. Kwenye swichi kuu lilining'inia kufuli jekundu. Halikuwa kufuli la chuo. Mwanafunzi mmoja alilifunga mbele ya macho ya wote, na ufunguo akakataa kuutoa.

Ofisini kwa mkuu wa chuo, viti viwili vilisogezwa mbele ya meza. Kanuni ya chuo haikubagua mtu: mwanafunzi akivunja nidhamu, aje na mtu wa nyumbani kwao, wasikilizwe pamoja. Basi walikuja wawili, mama na mwanawe. Kijana alikuwa na ovaroli la bluu lenye madoa ya grisi, macho chini, kama anayetafuta sindano kwenye vigae. Mama alivaa gauni lake la kutokea, mgongo wima, mkoba mkubwa mapajani.

Mwalimu wa karakana hakukaa. Wanafunzi walimbandika jina la Volti, kwa kuwa ukimgusa tu anakushtua.

"Mkuu, nimechoka. Nimesema mpaka koo limekauka. Sikio la kufa halisikii dawa. Leo darasa zima halijafanya kazi kwa ajili ya mtu mmoja!"

"Si ulikate tu hilo kufuli," alisema mkuu, mwanamke wa maneno machache.

Volti akakohoa. "Siwezi."

"Msumeno hakuna?"

"Msumeno upo. Ila somo la kwanza ninalowafundisha ndilo hilo. Fundi akienda kushika nyaya, anazima swichi kuu, anaifunga kwa kufuli lake mwenyewe, asije mtu akamwashia umeme akiwa ameshika. Aliyefunga ndiye afungue. Huwa nawaambia, hata mimi mwalimu wenu, marufuku kulikata."

"Umefundisha vizuri," mama alisema. "Limeeleweka."

Kijana aliguna kama aliyekanyagwa kidole. "Mama, tafadhali. Yaishe."

"Yaishe vipi, na hata kusemwa hayajasemwa?"

Mkuu aliweka kalamu chini. "Mama, hapa kuna suala la mtu kufukuzwa chuo. Sitaki tufike huko. Kisa hasa ni nini?"

Mama hakungoja mwanawe afungue mdomo. "Kisa ni tochi. Tangu mwaka uanze, wengine wanafunga mota, wanaunganisha saketi, wanaunguza vidole na kujifunza. Mwanafunzi mmoja kazi yake kumulika. Mulika hapa, mulika pale. Zamu ya kushika bisibisi ikifika, fagio lile pale."

"Mikono inatetemeka!" Volti alidakia. "Nikimpa waya wenye moto, nitazika mtu. Na rangi za nyaya haoni mpaka azisogeze puani. Darasa linacheka badala ya kusoma."

"Mikono inaacha kutetemeka kwa kushika, haiachi kwa kutazama. Wewe ulizaliwa na bisibisi mkononi? Pole yake aliyekuzaa."

Mkuu alijifanya anakunywa chai. Kijana alitupia jicho saa ya ukutani. Alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja tu, na ilikuwa inayoyoma.

"Mtihani wa vitendo umekaribia," mama aliendelea, bila kupandisha sauti. "Siku hiyo hakuna atakayeuliza nani alimulika vizuri. Cheti ni cha umeme, si cha tochi. Mkitaka kufukuza, fukuzeni leo hii. Lakini ufunguo hautoki mpaka zamu itoke, tena zamu ya haki."

"Huo ni ukaidi!"

"Ndiyo, ni ukaidi. Upole tuliujaribu muhula uliopita, ukatupa fagio."

Volti alimtazama mkuu, akingoja radi ipige. Haikupiga. Mkuu aliuliza polepole, "Mwalimu, kwenye zile mbao wanazofungia nyaya za mazoezi, umeme unawashwa saa ngapi?"

"Nikishakagua nyaya zote, mkuu. Kabla ya hapo hauwashwi."

"Sasa huyo unayeogopa kumzika, angekufa kwa umeme upi?"

Sasa Volti naye akaanza kutafuta sindano kwenye vigae.

"Kuanzia leo zamu zinapangwa upya," mkuu alisema. "Kila mtu atashika bisibisi na kila mtu atashika tochi. Ukiona mtu anatetemeka, simama karibu naye. Na kufuli lifunguliwe sasa hivi. Siku nyingine mwenye neno alilete hapa kwa miguu yake, asituzimie karakana."

"Tumesikia," mama alisema.

Mkuu alivuta karatasi ya onyo, akaandika mistari miwili, akaisukuma katikati ya meza. "Mlezi atie saini kwamba mwanafunzi hatarudia."

Mama alifungua mkoba, akatoa ufunguo mdogo na koti la karakana lililokunjwa vizuri. Kisha akaisogeza karatasi mbele ya mwanawe.

"Tia saini, baba, uwahi kazini kwako," alisema, huku akivaa koti. "Mimi nachelewa darasani."