Kwenzi na Kioo cha Sebuleni

Kwenzi alijitupa tena kwenye kioo cha sebuleni, akadunda, akarudi na hasira zaidi. Mkunga mstaafu, aliyekuwa amekaa nyuma ya kioo hicho na nyonga yake mbovu, alimhurumia. Ulikuwa msimu wa kutaga, na ndege yule alikuwa akiona sura yake mwenyewe akidhani ni dume jingine limekuja kumpokonya mke.

"Atajiua huyu," alimwambia kitinda mimba wake, aliyekuwa akiishi naye.

Mwana hakujivuta. Alikoroga sabuni ya unga, akakipaka kioo kwa nje mpaka kikawa cheupe pe. Akamwomba mama asilifungue dirisha, ndege asije akaingia ndani. Kwenzi alipokosa wa kupigana naye, akahamia dirisha la jikoni. Hilo mwana alisema atalipaka akipata nafasi, na nafasi haikupatikana. Lakini lile la sebuleni, lililotazama geti, alilipaka upya kila sabuni ilipoanza kupauka.

Mama alimshukuru, ingawa alilikumbuka dirisha lake. Hapo ndipo alipozoea kukaa akimngojea binti yake mkubwa, aliyeolewa mji wa jirani. Zamani binti hakupitisha wiki bila kuja. Sasa kimya, na simu ya mama nayo ilikuwa kwa fundi, haitengenezeki hairudi. Kila alipomuulizia, mwana alijibu kwa upole kwamba dada ana mambo mengi, asimlaumu. Upole ule ndio uliomchoma zaidi. Mtoto aliyemzaa kwa taabu kuliko wote, aliyemlea kwa mishahara ya zamu za usiku, amemtupa kama gunia bovu.

Alivumilia, kisha uvumilivu ukamwishia. Akawaita kaka zake, akatamka mbele yao kwamba nyumba ni ya kitinda mimba peke yake, yule mwingine wasimtajie tena. Kaka mkubwa alimsihi alale kwanza, aamue asubuhi. Akakataa. Walipoondoka, alilia hadi usingizi ukamchukua.

Asubuhi mvua ya upepo ilikipiga kioo, ikakiosha chote. Alipotoka chumbani alikuta sebule imejaa mwanga. Akajikongoja hadi kwenye kiti chake, akatazama nje.

Mwanawe alikuwa amesimama getini, ameipa nyumba mgongo, akizungumza na mtu aliyejificha nyuma ya mwavuli. Mama alidhani ni mgeni anayezuiwa kwenye mvua, akaona haya kwa niaba ya nyumba yake. Akalishika komeo lililokaza kwa kutofunguliwa, akalisukuma kwa mikono iliyozalisha mtaa mzima, mpaka likaachia. Akafungua kinywa amkaribishe mgeni ndani.

Sauti ya mwanawe ikamtangulia.

"Dada, kila wiki nakwambia yaleyale. Mama hataki kukuona."