Kombo Aikalia Mbuzi

Tamthilia ilipokwisha, Kombo aliruka kutoka kwenye kiti chake, kiti asichokalia mtu mwingine. Baba wa kwenye runinga amempikia mkewe wali wa nazi, watoto wakampigia makofi! Yeye ashindwe na nini?

Akakimbilia jikoni, akaikalia mbuzi kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini ya ndoa, akakuna kwa pupa mpaka akafika kifuuni, nazi ikatoka ya kahawia.

"Baba Zuhura! Una nini leo?" Mkewe, Saumu, alikuwa mlangoni.

"Leo napika mimi, mke wangu. Nenda kapumzike!"

Saumu akacheka hadi machozi. Kisha akaenda sebuleni, akakikalia kile kiti, akanyoosha miguu.

"Baba Zuhura," akaita, "chai je?"

Kombo akasimama na kifuu mkononi, akaangaza jikoni kote. Hakujua birika hukaa wapi.