Tarumbeta ya Vita Vilivyotupatia Nchi

Fundi wa ala za muziki alipuliza tarumbeta ya kale mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kimya.

"Taratibu, fundi!" mama mtunza makumbusho akamaka. "Hiyo ndiyo iliyopulizwa jemadari alipoamuru jeshi lirudi nyuma. Askari wakagoma, wakashinda, na ndiyo maana leo tuna nchi."

Fundi akaingiza koleo, akavuta. Ikatoka soksi ya sufu iliyoshindiliwa, yenye kiraka kisiginoni.

"Kumbe hawakugoma, mama. Hawakusikia."

Macho yakamtoka mama. "Sasa nani alithubutu?"

Wakageukia pamoja mchoro wa vita ukutani, ule ambao watoto wa shule huucheka kila wakija: mpiga tarumbeta amevimbisha mashavu mbele ya jemadari, mguu mmoja una buti, wa pili uko peku.