Mkono wa Seremala

"Hapa hakuna anayetujua, mama watoto," seremala alimwambia mkewe walipotoka hotelini. "Hebu nipe mkono."

Miaka yote ya ndoa yao hawakuwahi kushikana mikono barabarani. Alimpa, lakini kwa haya alitazama mbele tu, kwenye maghorofa, akicheka chini chini kama mwali.

Kwenye kivuko cha barabara umati uliwasukuma, mikono ikaachana. Akapapasa nyuma bila kugeuka, akaudaka tena, wakaendelea kutembea polepole, raha mustarehe. Alisifia madirisha ya maduka, akachagua kwa macho zawadi za wajukuu.

"Mbona kimya, baba watoto? Umechoka?"

Mkono ukambana kidogo.

Ndipo kidole gumba chake kilipopita juu ya kiganja kile. Kilikuwa laini, hakina sugu hata moja. Akavipapasa vidole kimoja kimoja. Vilikuwa vitano. Msumeno ulimwachia mumewe vinne.

Mbali nyuma yake, ng'ambo ya barabara, sauti aliyoizoea ilikuwa ikiita, "Mama watoto! Mama watoto!"

Akauvuta mkono wake. Vile vidole vitano vikakaza.