"Po" Isiyosemwa Dirishani

"Sema kama ulivyomwambia dirishani," jaji alimwamuru Crisanto, karani wa dirisha la mapokezi hapa mahakamani. "Sauti ileile."

Crisanto alimtazama yule bibi muuza samaki aliyemshtaki, akasema: "Toka hapa we kizee, unanuka, po."

Kwetu Ufilipino "po" ndiyo heshima ya kila sentensi unayomwambia mkubwa.

"Hiyo 'po' uliitia siku ile?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi itoe. Sema tena."

Akasema tena, tusi likatoka uchi. Nikalichapa, maana kazi yangu ni kuchapa kila linalotamkwa mahakamani. Moyoni nikasema, dawa yako hiyo, mshenzi wewe.

"Umeridhika, bibi?" jaji aliuliza.

Bibi alikuwa amelaza mikono mapajani, magamba ya samaki yamenata kwenye kucha. Akainua kidole kimoja. Hakikumwelekea Crisanto.

"Huyu alinitukana, po. Ila aliyecheka mpaka akapiga meza ni yule binti anayechapa, po."

Vidole vyangu vikaganda juu ya mashine.

"Mbona umeacha?" jaji akaniuliza. "Chapa."